Maji Tunywayo na Meno ya Watoto Wetu

Ninyi wazazi mkaao chini ya mlima Meru, pande za Arusha, mwawajua vema vijana wenye meno ya kahawia. Wapo wasichana wasiocheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Wapo wavulana wanaosugua meno kwa mchanga na mkaa mpaka ufizi unatoka damu. Wapi! Rangi haitoki. Tena wenzao huwaita wachafu. Neno hilo si la haki, wala si la kweli. Yafaa tujue asili ya rangi hiyo, maana mzazi asiyeijua atamgombeza mkubwa bure, na mdogo wake naye atapatwa vile vile.

Asili yake ni madini yaitwayo floraidi. Yamo katika mawe ya milima iliyotoa moto zamani. Maji ya mvua hupenya ardhini, hupita katika mawe hayo, na kuyachukua madini mpaka kwenye chemchemi na visima vyetu. Floraidi haina rangi wala harufu. Kwa hiyo maji meupe kama kioo yaweza kuwa nayo nyingi sana. Ikiwa kidogo, husaidia meno yasioze. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Lakini maji ya mto Maji ya Chai, upande wa mashariki wa Meru, yamepimwa yakaonekana na zaidi ya miligramu 10. Wala si Arusha tu. Maji ya namna hiyo yako sehemu nyingi za Bonde la Ufa, tangu Ethiopia, kupita Nakuru nchini Kenya, hata Manyara.

Jambo hili liliwashinda hata wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Wengine walisema ni kwa kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine walisema ni maziwa mabaya. Yeye alishuku maji. Ilipita miaka 30 mpaka mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji ya mahali penye madoa hayo, mwaka 1931, akaikuta floraidi. Basi tusishangae kama babu zetu nao hawakujua.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Doa hili haliingii kutoka nje. Huingia wakati jino lingali linajengwa ndani ya ufizi. Meno ya utu uzima huanza kujengwa tangu mtoto mchanga, na mengi huwa tayari apatapo miaka 8. Yale ya mbele, yanayoonekana akicheka, hupatwa hasa katika miaka mitatu ya kwanza. Ndiyo sababu mama hushangaa: meno ya utoto yalikuwa meupe, kisha mtoto wa miaka 6 au 7 anaota meno yenye madoa. Si uchafu wa mwaka huo. Ni maji na uji wa miaka iliyopita. Tena floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hufika hata mifupani: viungo hukakamaa, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tusidanganyike kwa kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, tena ni lazima, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua chunguni, floraidi hubaki yote.

Pili, mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Maziwa hayo yana floraidi kidogo mno, hata kama mama anakunywa maji mabaya.

Tatu, tukinge maji ya mvua. Mvua haina floraidi ya kudhuru. Acheni mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kingeni, funikeni chombo vizuri, na chemsheni kabla ya kunywa. Mtu atasema: pipa moja litatosha nani? Litatosha wadogo. Maji ya kufua, kuoga na kunywesha mifugo yatoke kisimani. Yale ya mvua yawekwe kwa kinywaji na uji wa watoto wasiotimiza miaka 8.

Nne, tuangalie magadi. Akina mama wengi hutia magadi katika maharage au kiburu yaive upesi. Magadi mengi yana floraidi, na mengine yana nyingi sana. Chakula cha wadogo kipikwe bila magadi. Lowekeni maharage usiku kucha, nayo yataiva.

Tano, ipo njia ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa ustadi katika tanuri mpaka iwe mkaa, husagwa, huoshwa, na maji hupitishwa humo polepole. Mkaa huo hukamata floraidi. Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza machujio ya namna hii kwa ajili ya nyumba na shule, na Tanzania ina kituo cha utafiti wa kazi hiyo huko Ngurdoto. Lakini msijichomee nyumbani bila kufundishwa. Mifupa isiyochomwa vizuri huyatia maji uvundo. Tena mkaa huchoka, hauna budi kubadilishwa.

Zaidi ya yote, ombeni kisima chenu kipimwe. Visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana sana. Viongozi wa kijiji na waandike kwa wasimamizi wa maji wilayani, wasingoje kuulizwa.

Na vijana ambao meno yao yamekwisha kuwa ya kahawia? Wasisugue tena kwa mchanga. Wataondoa jino, si rangi. Wapige mswaki kama wengine. Daktari wa meno aweza kuyafunika madoa. Nasi tuache kuwacheka. Lakini yule anayetambaa leo mlangoni pako, meno yake bado yanajengwa. Chungulia kikombe chake, ujue maji yake yatoka wapi.