Kwa nini nakala ya data huchelewa kufika, na inakuhusu vipi

Ukituma pesa kwa simu, hesabu ya salio lako haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni, ambayo pengine iko mbali sana na wewe. Siku seva hiyo ikiungua au kuharibika, kinachookoa hesabu hiyo ni nakala iliyowekwa mahali pengine. Je, kama nakala ilikuwa haijamaliza kufika?

Yaliyowapata GitLab

GitLab ni kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao. Januari 31, 2017, seva yake ya pili, ambayo hupokea kila badiliko kutoka seva kuu, ilibaki nyuma. Mhandisi aliyekuwa akijaribu kuirekebisha akafuta data kwenye seva kuu kwa makosa. Takriban gigabaiti 300 zikapotea.

Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwepo. Zilikuwa zikishindikana bila mtu kujua. Iliyopatikana ilikuwa imechukuliwa kwa bahati tu, kama saa 6 kabla ya ajali. Kuirudisha kulichukua takriban saa 18, kwa sababu ilikuwa kwenye seva yenye diski za mwendo wa pole.

Hapo tunaona mambo mawili. Nakala iliyobaki nyuma hukuonyesha utapoteza kazi ya muda gani. Kasi ya kunakili hukuonyesha utakaa umefunga kwa muda gani.

Msongamano uko wapi?

Siku hizi seva moja hugawanywa iwe kama kompyuta nyingi, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Huitwa mashine pepe. Kwa kuwa mashine pepe huhifadhiwa kama mafaili, yote huweza kunakiliwa na kupelekwa mji mwingine.

Safari hiyo ina hatua tatu: kusoma kwenye diski ya kwanza, kusafiri kwenye mtandao, na kuandika kwenye diski ya pili. Ni kama maji ya bomba: sehemu iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo huamua ndoo itajaa lini. Wengi hukimbilia kulipia intaneti ya kasi zaidi, kumbe tatizo ni diski.

Kwa hiyo fundi hupima kila hatua peke yake. Hunakili faili moja kubwa ndani ya seva ileile. Ikienda polepole hata hapo, mtandao hauna kosa. Ikienda haraka, hupima mtandao, kisha diski ya upande wa pili.

Tahadhari na hesabu. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Gigabaiti 500 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 55, hata laini isipokatika. Ndiyo maana nakala kamili hupelekwa mara moja tu, pengine kwa kubeba diski yenyewe kwa gari. Baada ya hapo hutumwa mabadiliko pekee. Mabadiliko ya gigabaiti 10 kwa siku hupita kwenye laini hiyohiyo kwa saa moja na dakika chache.

Wewe ufanye nini?

Kama chama chenu cha akiba au cha ushirika kinatunza hesabu kwenye kompyuta, muulizeni fundi wenu maswali matatu. Nakala ya mwisho ilikamilika lini? Iko jengo jingine? Mara ya mwisho kujaribu kuirudisha ilikuwa lini, na ilichukua muda gani? Jibu la "ipo tu" halitoshi.

Na simu yako ni hivyohivyo. Nakala ya kwanza ya picha zako ni nzito, basi iache ifanyike usiku, simu ikiwa kwenye chaji na mahali penye Wi-Fi kama pako karibu, isije ikamaliza bando. Ukiambiwa imekamilika, ingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine unayoiamini, fungua picha moja ya zamani na moja ya jana, kisha utoke. Zikifunguka zote mbili, nakala imefika.