Mwenza, Kimada, Mchepuko: Maneno na Unyanyapaa wa Ndoa ya Watu Zaidi ya Wawili

Mada ya mhadhara huu ni unyanyapaa unaowapata watu wanaoishi, kwa ridhaa yao na kwa kujuana, katika uhusiano wenye zaidi ya watu wawili. Wanasosholojia wana njia zao za kulichunguza jambo hili. Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo nitajifunga kwenye maneno. Mfano wangu ni pwani ya Bagamoyo hadi Saadani, ambako Kiswahili kimeishi jirani na Kizigua na Kidoe, na ambako mitala ni desturi ya tangu zamani. Aidha, pwani hii imetuachia maandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, ambamo mambo ya posa, arusi na talaka yameelezwa na mwenyeji mwenyewe.

Tuanze na neno ambalo leo wengi huona haya kulitamka: ngono. Shina lake ni lile la kitenzi gona, ambacho katika Kihehe na Kinyanja bado kina maana ya kulala tu. Kamusi za zamani zinalieleza ngono kuwa zamu ya kila mke kulala na mume katika nyumba ya mitala. Kwa maneno mengine, lilikuwa neno la haki. Mke aliweza kudai ngono yake mbele ya wazee kama alivyodai chakula na nguo, na mume aliyeipunja alilaumiwa. Neno lilipopoteza ile maana ya zamu, lilibaki na tendo peke yake, na aibu ikalifuata.

Sasa tutazame ngeli. Mume, mke na mke mwenza wote wamo katika ngeli ya watu, M-/WA-. Lakini kimada amewekwa katika KI-/VI-, mchepuko katika M-/MI-, na nyumba ndogo katika N-, pamoja na sifa yake ya udogo. Ni kweli kwamba kitenzi hukataa udhalilishaji huo: twasema “kimada wake amekuja”, si “kimekuja”. Sarufi inamtambua mtu, jina linamtoa katika utu. (Wanafunzi hunikumbusha kiongozi na kijana. Naam, KI- peke yake si tusi. Ninachokitazama ni kundi zima la majina haya, ambalo halina hata moja lenye heshima.) Na karibu yote humwelekea mwanamke.

Mchepuko lilienea Tanzania katika miaka ya 2010, likisaidiwa na matangazo ya kupambana na UKIMWI yaliyowahimiza watu wabaki njia kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini kuchepuka ni kuiacha njia, na sitiari hiyo haina nafasi ya kuuliza kama wahusika walijuana au walikubaliana. Aliyedanganywa na aliyeridhia hupewa jina moja.

Unyanyapaa huu una historia ya kitaasisi pia. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua kwamba mwanamume wa wake wengi asibatizwe. Msimamo huo ulilegezwa mwaka 1988 tu, baada ya karne nzima. Kwa upande wa dola, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania inaitambua ndoa ya wake wengi, inawapa wake wote hadhi iliyo sawa, na inamruhusu mke aliyepo kuweka pingamizi dhidi ya ndoa mpya kwa sababu zilizotajwa, kama vile ikiwa itamletea dhiki kubwa. Kwa hiyo mke mwenza halindwi na msamiati, ingawa analindwa na sheria. Akiridhia, huambiwa ameshindwa kumshika mume. Akikataa, huambiwa ana wivu. Vijembe vyote viwili vimeshatungwa, vinamngoja tu aseme neno.

Wakati huohuo lugha rasmi imekuja kuazima katika nyumba yake. Mwenza, neno la wake wawili wa mume mmoja, leo hutumika kliniki kwa maana ya mume au mke wa mtu, na katika siasa tuna mgombea mwenza. Vitini vya afya vinaandika “mwenza wa ngono”: maneno mawili ya mitala yaliyounganishwa kumtaja mtu mmoja. Mwanamke wa mitala anapoambiwa na muuguzi, “Njoo na mwenza wako”, ana haki ya kuuliza ni yupi anayetakiwa, mumewe au mke mwenziwe. Kamusi zetu zinapaswa kuziweka maana zote mbili, na ile ya kwanza isiandikiwe kuwa imekufa, maana wenyewe wangali hai.