Faith Vilas: Mtaalamu aliyesoma mwanga wa jiwe lenye undugu na kimondo cha Tanzania

Usiku usio na mwezi, aliyeko Nkoma, wilayani Itilima mkoani Simiyu, anaona nyota nyingi kuliko anayeangalia juu akiwa Kariakoo. Hakuna uchawi hapo. Taa za umeme ni chache, na giza ni giza kweli.

Lakini kuiona nukta ya mwanga ni jambo moja, kujua kuna nini pale ni jambo lingine. Kitu chenyewe kiko mamilioni ya kilomita. Hukishiki, hukinusi, hukipimi kwenye mizani. Kinachokufikia ni mwanga tu.

Kuusoma mwanga huo ndiyo kazi iliyomjenga Faith Vilas, mtaalamu wa sayari kutoka Marekani. Mwaka 2007 alinasa mwanga wa jiwe moja dogo linalozunguka Jua. Miaka 15 baadaye, wanasayansi walitangaza kuwa vumbi la jiwe hilo linafanana sana na kimondo kilichoanguka Ivuna, mkoani Songwe.

Alifikaje huko?

Ni nani huyu?

Vilas alisoma elimu ya nyota katika Chuo cha Wellesley, akaendelea MIT, kisha akafanya kazi katika kituo cha darubini cha Cerro Tololo nchini Chile. Mwaka 1984 alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya sayari katika Chuo Kikuu cha Arizona.

Baada ya hapo alitumia takriban miaka 20 katika kituo cha NASA cha Johnson, Texas. Kuanzia 2005 hadi 2010 aliongoza MMT, darubini ya Arizona yenye kioo cha upana wa mita 6.5. Kuna hata asteroidi yenye jina lake: 3507 Vilas.

Kazi yake imekuwa na pande mbili zinazotegemeana. Upande mmoja ni vifaa vya kunasa mwanga dhaifu. Wa pili ni maswali ambayo vifaa hivyo vinaweza kujibu.

Kuziba taa ili uone vumbi

Jaribu kumpiga mtu picha kwa simu usiku, akiwa amesimama kando ya gari lililowasha taa kubwa. Utapata weupe mtupu. Ziba taa kwa kiganja, mtu anaonekana.

Koronagrafu inafanya hivyohivyo. Mfaransa Bernard Lyot aliibuni miaka ya 1930 ili kuona tabaka la nje la Jua bila kusubiri kupatwa. Ndani ya kifaa kuna kizibo kidogo kinachofunika mwanga mkali wa katikati, ili vitu hafifu vya pembeni vionekane.

Vilas alishiriki kubuni koronagrafu ya kutumika kwa nyota nyingine. Mwaka 1984, Bradford Smith na Richard Terrile waliitumia kule Las Campanas, Chile, kuitazama nyota iitwayo Beta Pictoris. Walipoifunika nyota yenyewe, pembeni ilitokea sahani ya vumbi iliyolala ubavu. Ilikuwa picha ya kwanza ya mazingira ambamo sayari zinaweza kuzaliwa kuzunguka nyota isiyo Jua letu.

Nyota iliyopepesa kidogo

Mwaka huohuo, tarehe 22 Julai, Vilas alikuwa katika timu ya William Hubbard iliyoangalia sayari ya Neptuni ikipita karibu kabisa na nyota moja, kwa jinsi inavyoonekana kutoka duniani. Mbinu ni rahisi kuielewa: kama kuna kitu kando ya sayari, kitaikinga nyota na mwanga wake utapungua.

Kweli ulipungua, kwa karibu theluthi moja, kwa sekunde kama moja tu. Kisha ukarudi. Timu nyingine, iliyokuwa kwenye darubini tofauti hukohuko Chile, iliona jambo hilohilo, kwa hiyo isingekuwa hitilafu ya kifaa.

Ajabu ni kwamba upande wa pili wa Neptuni hakikuonekana kitu. Pete gani iko upande mmoja tu? Wakasema labda ni vipande vya pete. Mwaka 1989 chombo cha Voyager 2 kilipita pale na kukata mzizi wa fitina: pete zimezunguka sayari nzima, ila moja ina sehemu zilizojaa vumbi zaidi. Sehemu ya namna hiyo ndiyo iliyoikinga nyota mwaka 1984.

Rangi inayokosekana

Hata hivyo, eneo ambalo jina la Vilas hutajwa sana ni mawe meusi, yaani asteroidi zenye kaboni nyingi.

Asteroidi haina mwanga wake, inaakisi wa Jua. Ukiutawanya mwanga huo katika rangi zake na kuulinganisha na mwanga halisi wa Jua, utaona rangi gani zimepungua. Zilizopungua zimenyonywa na jiwe, na kila madini yana tabia yake ya kunyonya.

Mwaka 1989, Vilas na Michael Gaffey walichapisha katika jarida la Science alama waliyoikuta kwenye baadhi ya asteroidi hizo: bonde dogo karibu na nanomita 700, kwenye mwanga mwekundu. Alama hiyo huachwa na chuma kilichomo ndani ya madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu madini hayo hutokea mwamba ukikutana na maji. Kwa maneno mengine, mwanga wa jiwe kavu lililoko angani unaweza kusema kwamba zamani jiwe hilo liliwahi kulowa.

Jaribio la Ryugu

Mwaka 2007, akiwa mkuu wa MMT, Vilas aliilenga asteroidi iliyojulikana wakati huo kama 1999 JU3. Wajapani walikuwa wakiifikiria kwa safari ya chombo chao cha Hayabusa2. Leo inaitwa Ryugu, ina upana wa mita 900 hivi.

Matokeo yake, yaliyochapishwa 2008, yalikuwa na utata. Kipimo kimoja kilionyesha alama ya nanomita 700, vingine havikuonyesha. Alipendekeza kwamba huenda uso wa jiwe haufanani kila mahali. Wengine waliofuata na darubini zao hawakuipata alama hiyo.

Kwa kawaida ubishi wa namna hii hauishi, maana hakuna anayeweza kwenda kuangalia. Safari hii kuna aliyekwenda. Hayabusa2 iliondoka Desemba 2014, ikafika Juni 2018, na tarehe 6 Desemba 2020 kapsuli yake ikatua Australia. Ndani kulikuwa na gramu 5.4 za vumbi na vijiwe. Ni uzito wa karibu kijiko kimoja cha chai cha sukari.

Je, Vilas alikuwa sahihi? Kwa sehemu. Hayabusa2 ilikuta uso wa Ryugu unafanana karibu kote, kwa hiyo wazo la mabaka halikupata nguvu. Lakini swali kubwa la maji lilijibiwa: sampuli zilijaa madini ya jamii ya udongo. Jiwe hilo, au mzazi wake, liliwahi kukutana na maji.

Ivuna inaingiaje?

Watanzania wengi wanakijua kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani nyingi. Ivuna, mkoa uleule wa Songwe, ina kimondo kidogo ambacho kwenye maabara kina jina kubwa zaidi.

Kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, na vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Kundi zima la vimondo vya aina yake huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Vilivyoonekana vikianguka na kuokotwa, kwa dunia nzima, ni vitano tu vinavyojulikana: Ivuna, viwili Ufaransa, kimoja India na kimoja Kanada. Ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia ule wa Jua.

Mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa Ryugu ni wa jamii hiyo ya Ivuna. Ila kulikuwa na tofauti. Vimondo vya CI vina chumvi za salfeti na maji ambayo vumbi la Ryugu halina. Maelezo yao: vimondo vilinyonya unyevu wa hewa ya duniani miaka yote hiyo vikiwa huku. Kumbe sehemu ya yale yaliyosomwa kwenye mawe hayo iliandikwa na hewa yetu.

Jiwe likianguka kwenu

Hili si la Songwe peke yake. Simiyu nayo ina kimondo chake: mwaka 1930 jiwe lilianguka Malampaka, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Maswa, na limo kwenye orodha ya kimataifa ya vimondo. Shamba la pamba la Nkoma lina nafasi sawa na shamba lingine lolote.

Ukiona mwanga mkali unapita, ukasikia kishindo, kisha ukakuta jiwe lenye ganda jeusi, fanya haya:

• Piga picha kabla ya kuligusa, na hifadhi eneo kwenye ramani ya simu.

• Usilioshe. Mawe ya aina ya Ivuna ni laini, yanaweza kusambaratika kwenye maji.

• Usilipasue kutafuta dhahabu.

• Usilijaribu kwa sumaku. Unaweza kufuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limetoka nayo angani.

• Lifunge kwenye karatasi safi ya aluminiamu, liweke pakavu, andika siku na saa.

• Toa taarifa ofisi ya kijiji, na omba iwafikie wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma.

Saa za mwanzo ndizo muhimu zaidi. Japani ilituma chombo safari ya zaidi ya kilomita bilioni 5 kwenda na kurudi ili kupata gramu 5.4 ambazo hazijaguswa na unyevu. Aliyeokota jiwe asubuhi ileile na kuliweka pakavu anaweza kuwa ameshika kitu kinachokaribia hapo, bila kutoka kijijini kwake.