Tando Nyembamba na Umeme Usio na Ukinzani

Kila waya wa kawaida hukinza umeme upitao ndani yake, na sehemu ya nishati hupotea ikawa joto. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 za Sentigredi chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka. Mata yenye tabia hiyo huitwa kipitishi kikuu. Lakini baridi kali namna hiyo huhitaji heliamu ya kimiminiko, ambayo ni ghali.

Mwaka 1986 J. Georg Bednorz na K. Alex Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, waliiona tabia hiyo katika kauri yenye shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walitengeneza kauri ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo hupoteza ukinzani ingali na nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Vipitishi hivi huitwa vya "halijoto ya juu" kwa kulinganishwa tu na vile vya awali. Hata hivyo faida ni kubwa, kwani nitrojeni ya kimiminiko, itokanayo na hewa na yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yatosha kuvipoza.

Hapo tatizo jipya lilizuka. Kauri iliyochomwa tanurini ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo zilizoelekea kila upande. Ndani ya fuwele, umeme hupita kwa urahisi katika matabaka ya shaba na oksijeni. Lakini ufikapo mpakani, hukuta matabaka ya fuwele ya pili yamegeukia kwingine. Majaribio ya mwaka 1988 yalionyesha kwamba kadiri pembe baina ya fuwele mbili inavyozidi, ndivyo mkondo uwezao kuvuka unavyopungua.

Dawa ilikuwa utando mwembamba. Bamba la fuwele ya titanati ya strontiamu, ambayo atomi zake zimeachana kwa nafasi inayokaribia ile ya kauri, huwekwa katika chumba chenye oksijeni kidogo tu, na kupashwa joto la nyuzi 700 au zaidi. Leza hupiga donge la kauri. Atomi huruka na kutua juu ya bamba, zikifuata mpangilio wake kama matofali yafuatavyo safu ya chini ya ukuta. Kisha utando hupozwa katika oksijeni, kwani ukipungukiwa na oksijeni hupoteza tabia yake. Katika baridi ya nitrojeni, utando huo waweza kubeba zaidi ya ampea 1,000,000 kwa kila sentimita mraba ya mkato wake. Kauri ya tanurini haikufikia hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho.

Bamba la fuwele halipindiki, wala haliwi refu kama waya. Kwa hiyo utando hujengwa pia juu ya ukanda wa aloi ya nikeli, uliotandazwa kwanza matabaka ya kuzielekeza fuwele. Septemba 2021, huko Massachusetts, Marekani, sumaku iliyotengenezwa kwa kanda za aina hiyo ilifikia tesla 20, katika utafiti wa nishati itokanayo na muungano wa viini vya atomi.

Kauri ile ile, basi, yaweza kushindwa au kufaulu. Tofauti ni mpangilio wa fuwele zake.