Kanisa la karatasi

Mwaka 1994, Shigeru Ban, msanifu majengo wa Japani, aliona picha za wakimbizi wa Rwanda wakitetemeka kwa baridi. Misitu ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya nguzo za vibanda. Basi akapendekeza kwa Umoja wa Mataifa nguzo za karatasi ngumu iliyoviringwa kama bomba.

Mwaka 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe, na kanisa la Takatori likaungua. Ban alilijenga upya kwa nguzo hizo, akisaidiwa na watu wa kujitolea. Lilitumika miaka 10, kisha likahamishiwa Taiwan.

Ndugu, sisi tunaoabudu chini ya maturubai tusione haya. Nyumba hudumu kwa kupendwa na watu wake.