Viumbe Vamizi wa Baharini (2): Kome Mgeni wa Afrika Kusini

Katika makala iliyopita tuliona namna viumbe wa baharini wanavyosafiri na meli, wengine wamejibandika kwenye ubavu wake, wengine wakiwa bado mabuu ndani ya maji yanayojazwa tumboni mwake ili isiyumbe. Leo tumtazame mmoja aliyefika akaweka makazi: kome wa Mediterania, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Mytilus galloprovincialis.

Afrika Kusini alionekana kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, katika ghuba ya Saldanha, kaskazini ya Cape Town. Kwa kuwa anafanana mno na kome mweusi wa huko, wengi walimdhania mwenyeji. Alipotambuliwa katika miaka ya 1980 alikuwa ameshaenea. Sasa ameshika yapata kilomita 2,000 za mwambao wa nchi hiyo, na Namibia pia yupo.

Kome si mkazi wa mwambani tu, ni mjenzi. Hujifunga kwenye jiwe kwa nyuzi imara anazozitoa mwenyewe, kisha wenzake hujifunga juu yake, mpaka mwamba wote ukafunikwa. Maji yakipwa, mianya iliyo kati ya magamba hubaki na unyevu, na humo huishi minyoo, konokono na kaa wadogo. Kwa hiyo mjenzi akibadilika, jumuiya nzima huguswa.

Pwani ya magharibi mgeni ameshinda waziwazi. Hukua haraka, huzaa kwa wingi, na huvumilia kukaa nje ya maji kuliko kome wenyeji. Kome mwenye mifuo, Aulacomya atra, anayekua polepole, amesukumwa chini karibu na maji. Konokono wanaokwangua mwani wamenyang'anywa jiwe lenyewe. Aina mojawapo ndogo sasa hukulia juu ya magamba ya mgeni, na kwa kuwa gamba ni dogo, naye habaki na nafasi ya kufikia ukubwa wake wa zamani.

Pwani ya kusini mambo ni tofauti. Huko mwenyeji ni kome wa kahawia, Perna perna. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes umeonyesha kwamba wawili hawa wamegawana mwamba: mgeni juu, mwenyeji chini, na katikati wamechanganyika. Juu, jua na ukavu humlemea mwenyeji. Chini, mawimbi hupiga kwa nguvu, na nyuzi za mwenyeji hushika zaidi. Cha kustaajabisha ni kwamba huko chini mwenyeji kwanza humkinga mgeni asing'olewe na mawimbi, halafu, kadiri wanavyokua na kubanana, humsukuma nje. Mgeni naye ana nafuu yake: vimelea wanaomdhoofisha kome wa kahawia hawamsumbui.

Haki inatudai tutaje na faida. Ufugaji wa kome katika ghuba ya Saldanha unamtegemea mgeni huyuhuyu, na ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu, Haematopus moquini, amepata chakula tele na kuzaana vizuri zaidi. Lakini faida hizo hazimrudishii konokono jiwe lake.

Hoja yangu ni hii: uvamizi hauna hukumu moja kwa pwani nzima. Unaamuliwa na mawimbi, ukavu, na afya ya mwenyeji. Kumwondoa mgeni mwambao mzima sasa haiwezekani. Kilichobaki mikononi mwetu ni kumlinda mwenyeji pale anapoweza kujitetea. Kwa hiyo kuvuna kome wa kahawia kupita kiasi, kama ilivyotokea sehemu za mashariki ya nchi hiyo, si kupoteza kitoweo cha kesho tu. Ni kuacha mwamba wazi, na mwamba ulio wazi humngoja yeyote atakayetangulia.

Wiki ijayo: kome mwingine, mdogo zaidi, aliyetoka Amerika ya Kusini na kumfuata huyu mwambani.