Jicho Halikutoboka, Lakini Usilipuuze

Jioni vijana wanacheza mpira ufuoni, shuti linampata mmoja jichoni. Wenzake wanamtazama: hakuna kidonda, hakuna kilichotoboka. "Utapoa," anaambiwa, na mchezo unaendelea. Nyumbani anakandwa kwa maji baridi, uvimbe unashuka, mambo yamekwisha. Miezi miwili baadaye anaanza kuona kivuli kama pazia upande mmoja, na hapo ndipo anapofikishwa kwa daktari.

Tatizo ni kuwa sisi hulipima jeraha la jicho kwa damu tunayoiona. Pigo butu, liwe la ngumi, jiwe la manati, kamba ya mpira ya bodaboda iliyofyatuka au chubwi la mshipi lililorudi kwa kasi, linaweza kuacha jicho zima kwa nje na kuliharibu kwa ndani.

Jicho limejaa maji na ute mzito, mfano wa puto. Likipigwa kwa mbele hubonyea, kisha hutanuka ubavuni. Ukuta wake una matabaka matatu. La nje ni ule weupe, nao ni mgumu. La ndani ni retina, utando mwembamba unaopokea mwanga, nao hunyumbuka kiasi. Katikati kuna koroidi, tabaka la mishipa ya damu linalosaidia kuilisha retina. Hili halina ugumu wa lile la nje wala mnyumbuko wa lile la ndani, ndiyo maana linaweza kupasuka ilhali mengine mawili yamesalimika.

Madhara ni ya namna tatu kuu. Kwanza ni retina kutikisika, hali aliyoieleza daktari Mjerumani Rudolf Berlin mwaka 1873. Retina hugeuka nyeupe-nyeupe saa chache baada ya pigo. Mara nyingi hupoa yenyewe baada ya siku au wiki, ila ikiguswa sehemu ya kati, ile tunayosomea na kutambulia nyuso, uoni unaweza kubaki na kasoro.

Pili ni koroidi kupasuka. Ufa wake huwa na umbo la mwezi mwandamo, na hakuna uzi wa kuushona. Hata baada ya kovu kufunga, mishipa mipya dhaifu inaweza kuchipuka hapo miezi au miaka baadaye na kuvuja damu. Ikigunduliwa mapema, kuna sindano za kuidhibiti.

Tatu ni retina kuchanika. Jicho linapotanuka, ute huivuta ukingoni ikachanika. Maji hupenya polepole chini yake na kuibandua, pengine baada ya wiki au miezi. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo mgonjwa hasikii chochote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchaniko peke yake huweza kuzibwa kwa miale ya leza. Retina ikishabanduka, ni upasuaji.

Basi ukipigwa jichoni, usilisugue wala kulibinya, na usitie maziwa, asali au dawa iliyobaki ya mwenzio. Usimeze aspirini kutuliza maumivu, kwani inaweza kuzidisha kuvuja damu. Nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Omba utiwe matone ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho ichunguzwe. Kumulikwa tochi kwa mbele hakutoshi. Hapa Pwani huduma za macho zipo, kama vile Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa na kituo cha macho cha Kwale.

Hata ukiambiwa u salama, rudi kwa tarehe uliyopewa. Nyumbani, funika jicho moja na utazame nondo za dirisha kwa jingine, kisha ubadilishe. Nondo zikionekana zimepinda, au ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi vinavyoelea au pazia, usingoje kesho. Na mtoto akisema haoni vizuri baada ya mchezo, tusimwambie atapoa.